Karte ya Picha au Laptopu ya Katibu: Kikao cha Dharura cha Chama cha Skrini Moja

CHAMA CHA SKRINI MOJA
KAMEMBE, WILAYA YA RUSIZI

Tarehe: Jumamosi, 26 Agosti 2023, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi
Mahali: Sebuleni kwa Maman Eugénie, nyuma ya duka lake la vitenge
Muda: Kilitangazwa kuanza saa nane kamili. Kilianza saa nane na dakika arobaini.

WALIOHUDHURIA
1. Parfait Birindwa, Mwenyekiti
2. Joselyne, Makamu wa Mwenyekiti na mchezaji wa kwanza
3. Aimable, Mtunza Vifaa
4. Maman Eugénie, Mlezi wa chama, mama wa Mwenyekiti, mwenye nyumba na mwenye umeme
5. Uwamwezi, Katibu

WASIOHUDHURIA
1. Ndizeye, kwa taarifa. Yuko Nyakabuye kwa bibi yake, anaanika maharagwe.
2. Vénuste, bila taarifa. Saa tisa na robo alionekana dirishani akipita na mpira. Aliitwa. Aliongeza mwendo.

KUMB. NA. 1/08/2023: KUFUNGUA KIKAO

Maman Eugénie aliongoza sala. Aliombea wajumbe, masomo yao, mpaka na wanaouvuka, na mwisho akaombea kikao kiwe kifupi.

Kabla ya ajenda, Joselyne aliuliza kama leo viti vinaweza kuvuliwa nailoni vilivyotoka nayo dukani, kwa sababu ni kiangazi na miguu inanata. Maman Eugénie alijibu: "Hivi viti nilivivusha ku mupaka miaka munane sasa, na mvua ilikuwa inanyesha. Vitavuliwa siku ya ndoa ya Parfait." Mwenyekiti aliomba tuendelee. Katibu aliangalia kumbukumbu za nyuma na kukuta kwamba swali hili limeulizwa katika vikao vitano na jibu halijabadilika.

KUMB. NA. 2/08/2023: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Wajumbe walikumbushwa azimio la kikao cha Julai kwamba Katibu asichangie mazungumzo, kwa kuwa kumbukumbu za Juni ziliishia katikati ya sentensi siku Katibu alipoulizwa maoni yake. Pendekezo hilo lililetwa na Katibu mwenyewe, kwa maandishi.

KUMB. NA. 3/08/2023: HALI YA KOMPYUTA

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumamosi ijayo timu ya Bukavu itavuka mpaka kuja kucheza nasi mpira wa kompyuta, hapa hapa sebuleni. Alikumbusha yaliyotokea mwezi wa Aprili. Joselyne alikuwa anaongoza, picha ikaganda, na tangu siku hiyo Bukavu wanatuita Timu ya Sanamu.

Joselyne aliomba iandikwe vizuri: "Mi nilipiga balo, ekra ikalala. Ilipoamuka, balo iko mu filet yangu." Katibu anafafanua: balo ni mpira, ekra ni skrini, filet ni wavu.

Mwenyekiti aliendelea kwamba tumeshapunguza kila kitu ili mchezo uende. Majani ya uwanja tumeyaondoa. Watazamaji wamebaki rangi tu. Wachezaji wote wana uso mmoja. Bado picha inakatika. Kwa maoni yake kasoro ni kadi ya picha, ambayo sote tunaiita karte. Tuliinunua miaka miwili iliyopita kwa mauzo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, na yeye na Aimable wakaifunga wenyewe. Alisema imekuwa ndogo mno kwa michezo ya siku hizi na inapaswa kubadilishwa na iliyo kubwa zaidi.

Aimable, kama Mtunza Vifaa, alitoa ripoti yake. Karte ni nzima. Taa yake inawaka, feni yake inazunguka. Kila Jumapili baada ya misa anaifuta vumbi kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi. Vifuniko vinne vya plastiki vilivyokuja kwenye matundu yake ya nyuma bado vipo, vyote vinne, kama siku ilipotoka dukani, na hakuna mjumbe aliyewahi kuvigusa. Alisema fundi yeyote akiiona atafikiri imenunuliwa jana.

Joselyne alisema: "Aimable, karte yako iko sawa na mukubwa wa ofisi. Anavaa muzuri, anapepewa na feni, lakini kazi yake hatuione."

Wajumbe walicheka. Aimable hakucheka.

KUMB. NA. 4/08/2023: PENDEKEZO LA KUBADILISHANA

Mwenyekiti alieleza kwamba Mzee Ntabaza, fundi wa kompyuta karibu na gare, stendi ya mabasi ya Kamembe, anayo karte kubwa na yuko tayari kuitoa. Hataki fedha. Anataka karte yetu pamoja na laptopu.

Laptopu inayotajwa ni ile ndogo ya kijivu ambayo kumbukumbu hizi zinaandikiwa. Ni mali ya chama. Katibu huenda nayo nyumbani siku za juma kwa ruhusa ya kikao cha Februari. Ndani yake kuna kamusi mbili, ensaiklopidia inayofunguka bila mtandao, na kumbukumbu za vikao kumi na kimoja. Kwa ajili ya ukweli Katibu anaongeza kwamba kuna pia kurasa mia moja na nne ambazo si za chama.

Mwenyekiti alisema hakuna kitakachopotea, kwa sababu kila kitu kitahamishiwa kwenye flashi. Maman Eugénie aliuliza flashi inasomwaje na mtu asiye na kompyuta nyumbani.

Joselyne aliuliza kama Mwenyekiti ameshamwahidi Mzee Ntabaza. Mwenyekiti aliuliza ni saa ngapi. Joselyne aliuliza tena. Mwenyekiti alikubali kwamba ameahidi, juzi, kwa simu, na kwamba Mzee Ntabaza atafika leo saa kumi na moja kuchukua vitu vyake.

Joselyne alisema: "Sasa tunafanya kikao ya nini? Ya kubariki?"

Mwenyekiti alisema ilikuwa dharura. Maman Eugénie alisema: "Parfait, unafanyaka sawa na baba yako. Aliuzisha mbuzi, halafu akaniita tukae tuongee juu ya mbuzi."

Mwenyekiti aliomba mambo ya familia yasiingie kwenye kumbukumbu. Ombi halikuungwa mkono na mjumbe yeyote.

Maman Eugénie aliuliza: "Na huyu katoto ataandikia wapi?" Mwenyekiti alijibu kwamba zamani makatibu waliandika kwenye kaye, yaani daftari, na chama hakikufa. Inakumbukwa kwamba katibu wa zamani alikuwa Vénuste, na kwamba makaye yote mawili yalipotea.

Maman Eugénie alimgeukia Katibu na kumuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Kwa kuzingatia azimio la Julai, Katibu aliendelea kuandika.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Waliokubali ni wawili: Mwenyekiti, na Joselyne, ambaye alinyoosha mkono akiangalia sakafu na kusema, "Unisamehe, Uwamwezi. Sitaki tena kuitwa sanamu." Aliyekataa ni mmoja, Aimable, ambaye alieleza kwamba hajali laptopu ila hawezi kuiacha karte iende kwa mtu asiye na brashi. Mlezi hana kura. Katibu hakupiga kura kwa sababu mkono wake ulikuwa unaandika.

Pendekezo lilipita.

KUMB. NA. 5/08/2023: MAANDALIZI YA KUKABIDHI

Mwenyekiti alisema Mzee Ntabaza anataka pia kijitabu cha karte. Aimable alikileta kutoka kabatini. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Kilifunguliwa kwa wembe, kwa uangalifu, na nailoni ikakunjwa na kuwekwa kando. Kwa kuwa kijitabu ni cha Kifaransa na maandishi yake ni madogo, Katibu aliombwa atafute jina kamili la karte.

Jina lilikuwa ukurasa wa tatu. Katibu aliendelea kusoma, kwa sababu kitabu kikishafunguliwa ni vigumu kukifunga.

Kwenye ukurasa wa kumi na nne kuna mchoro wa mgongo wa kompyuta. Unaonyesha sehemu mbili ambapo waya wa skrini unaweza kuchomekwa: juu, kwenye bodi ya kompyuta yenyewe, na chini, kwenye karte. Ya juu imepigwa msalaba mwekundu. Ya chini imezungushiwa duara.

Kompyuta ya chama iko kwenye kona, na mgongo wake unaelekea kiti cha Katibu. Katibu ameuangalia mgongo huo katika vikao kumi na kimoja. Waya wa skrini uko juu. Chini kuna vifuniko vinne vya plastiki, safi sana.

Katibu alisoma ukurasa mara tatu. Kisha aliandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa Aimable. Karatasi ilisema hivi: "Samahani kaka Aimable. Naomba uangalie ukurasa wa 14. Nadhani waya wa skrini uko kwenye tundu la bodi, si la karte. Nadhani karte haijawahi kufanya kazi. Inawezekana nimekosea. Samahani."

Aimable alisoma karatasi. Aliangalia ukurasa wa kumi na nne. Aliangalia vifuniko. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Alikunywa maji kwa dakika sita.

Wakati huo Mwenyekiti alileta kitenge cha kufungia laptopu na kumwambia Katibu amalizie sentensi yake.

Katibu aliomba neno. Mwenyekiti hakusikia. Katibu aliomba neno tena. Maman Eugénie alisema: "Parfait, katoto ananyoosha mukono."

Kwa kuwa Katibu hawezi kusema na kuandika kwa wakati mmoja, Joselyne aliombwa ashike kazi. Maneno yafuatayo ni yake. Katibu hakuyasahihisha, kwa sababu katiba yetu inakataza kufuta.

Mi Joselyne njo naandika sasa. Uwamwezi amesimama. Nailoni ilimushika miguu, ikalia praaa, tukacheka sisi wote, na yeye akacheka kidogo. Anasema pole pole. Parfait anamwambia apandishe sauti. Maman Eugénie anamwambia Parfait ashushe ya kwake.

Uwamwezi anasema karte haiko mudogo. Anasema hatujaitumikisha hata siku moja. Anasema waya ya ekra iko mu tundu ya bodi, ile tulikuwa tunatumia mbele ya kununua karte. Siku bale baboyi, Parfait na Aimable, baliweka karte, habakuhamisha waya, sababu matundu ya karte ilikuwa na vifuniko na Aimable alikataza muntu kuvitoa. Basi miaka mibili tunacheza na bodi tupu, na karte iko anatuangalia.

Parfait anasema haiwezekane, feni inazungukaka. Uwamwezi anamujibu (naandika vile alisema, haki ya Mungu): "Hata muntu mwenye kulala anapumua."

Sijawahi kumusikia anasema maneno mingi vile. Anaonyesha ukurasa.

Aimable amerudi kutoka ku maji. Ametoa karatasi mu mufuko. Anasema, "Alikwisha kuniambia. Nilikuwa naona haya." Maman Eugénie anasema ni yeye njo aliwaambiaka siku ile kintu mupya habakivulake nguo, basi basigombeze Aimable peke yake. Parfait anakaa chini. Anasema, sawa, tujaribu. Mi naacha kuandika hapa, nataka kuona.

KUMB. NA. 6/08/2023: MAJARIBIO

Katibu alirudi kwenye kazi yake.

Kompyuta ilizimwa. Aimable aliomba avitoe vifuniko yeye mwenyewe na akakubaliwa. Waya ulihitaji tundu moja tu, lakini alivitoa vyote vinne, kimoja kimoja, akavitia kwenye kikopo cha pini cha Maman Eugénie. Kisha alihamisha waya kutoka juu kwenda chini. Kompyuta iliwashwa.

Skrini ilibaki nyeusi. Mwenyekiti alisema: "Muliona?" Maman Eugénie alimwambia: "Wacha aamuke. Weye asubuhi nakuitaka mara ngapi?"

Skrini iliwaka.

Mchezo ulifunguliwa. Mwenyekiti alipandisha kila kitu tulichokuwa tumekishusha, kimoja baada ya kingine, na kila mara alisimama kidogo akisubiri picha ikatike. Haikukatika. Majani yalirudi uwanjani, yakiwa yamekatwa kwa mistari, mstari wa kijani kibichi na mstari wa kijani kizito. Watazamaji walipata vichwa. Mmoja ana mwavuli. Joselyne aligundua kwamba kipa wake, ambaye amecheza naye kwa miaka miwili, ana ndevu. Alisimamisha mchezo ili sote tuzione.

Aliendelea kucheza kwa dakika ishirini akafunga mabao saba. Baada ya bao la nne Vénuste alionekana tena dirishani. Alikaribishwa aingie. Anaandikwa hapa kama mtazamaji na si mjumbe aliyehudhuria.

Aimable alisimama nyuma ya kompyuta muda wote, akiisikiliza feni. Alisema sasa inalia tofauti. Alipoulizwa inalia vipi, alisema: "Sawa na muntu ambaye iko kazini."

KUMB. NA. 7/08/2023: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba karte isibadilishwe. Iliazimiwa kwamba karte iliyopo ianze kazi kuanzia leo.

Azimio la kutoa laptopu lilifutwa kwa kura zote, pamoja na ya Katibu, ambaye safari hii aliacha kuandika na kunyoosha mkono.

Mwenyekiti alitakiwa ampigie simu Mzee Ntabaza mbele ya kikao, sauti ikiwa wazi. Mzee Ntabaza aliuliza, "Waya ilikuwa juu?" Mwenyekiti alisema ndiyo. Aliuliza, "Miaka mibili?" Mwenyekiti alisema ndiyo. Baada ya hapo ilisikika sauti ya kucheka, kisha sauti ya mtu akiita wengine waje wasikie. Mwishoni Mzee Ntabaza alisema hana kinyongo, lakini saa kumi na moja atafika vilevile, kwa sababu anataka kuviona hivyo vifuniko.

Mwenyekiti aliomba msamaha kwa kuahidi mali ya chama kabla ya kikao. Aliomba msamaha kwa wajumbe wote kwa pamoja, na kisha, baada ya kuangaliwa na mama yake, kwa Katibu kwa jina.

Iliazimiwa kwamba timu ya Bukavu isiambiwe lolote hadi mchezo uishe. Mwenyekiti, ambaye ana binamu katika timu hiyo, aliapa. Maman Eugénie, ambaye huvuka mpaka kila Jumanne na kuongea na kila mtu, alisema yeye haapi ila atajaribu.

KUMB. NA. 8/08/2023: MENGINEYO

Joselyne alipendekeza azimio la Julai lifutwe ili Katibu aweze kusema vikaoni. Katibu aliomba, kwa sauti, lifutwe nusu tu: awe anasema pale anapokuwa na jambo, na Joselyne aandike. Ilikubaliwa. Joselyne alilalamika kwamba amejipatia kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

Joselyne aliuliza kuhusu zile kurasa mia moja na nne. Katibu alisema ni hadithi. Joselyne aliuliza kama yeye yumo. Katibu alisema bado haijaisha. Joselyne alisema kama yumo awe mrefu. Jambo hili litashughulikiwa.

Mwisho, Joselyne alirudi kwenye swali la viti. Alisema kama karte imevuliwa na haikufa, viti pia havitakufa. Maman Eugénie alijibu kwamba karte ni mambo ya watoto na viti ni mambo yake, kwamba siku ya ndoa ya Parfait haijabadilika, na kwamba mwenye miguu inayonata avae suruali. Mwenyekiti alisema hoja imefungwa.

Wajumbe waliposimama kwa ajili ya sala ya kufunga, Maman Eugénie alikuwa amekwenda dukani na kurudi na mkasi wa vitenge. Hakutoa maelezo. Alimwambia Katibu asogee kidogo, akakata nailoni ya kiti chake kuanzia mgongoni hadi chini, akaikunja na kuiweka chini ya mkono. Alisema: "Hiki kimoja. Vingine bisubiri ndoa."

Inaandikwa kwa ajili ya kumbukumbu kwamba kitambaa cha kiti hicho ni cha kijani. Wote tulidhani ni kijivu.

Hakukuwa na neno lingine. Sala ilisemwa na Aimable, kwa ufupi, na Mzee Ntabaza, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alivua kofia na kuitikia. Kikao kiliisha saa kumi na moja na dakika tano, Katibu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kijani.

Zimesomwa mbele ya wajumbe na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Parfait Birindwa
Mwenyekiti
(sahihi) ..............................

Uwamwezi
Katibu
(sahihi) ..............................

Kwa sehemu ya KUMB. NA. 5 aliyoiandika:
Joselyne
(sahihi) ..............................